Daftari la Hilkka

Miaka thelathini na mitatu Hilkka alizama
kila alfajiri ya Januari katika tundu la ziwa Kallavesi,
tundu alilolikata jirani kwa msumeno,
mraba mweusi kama mlango wa ghala.
Akitoka, mvuke ukimfuka mabegani,
alinicheka nilivyojikunyata ndani ya makoti mawili.

Kisha, Machi moja, mwili ulibadili nia
bila hata kutoa notisi.

Alishika kufuli la banda,
na kufuli likamwachia umbo lake kiganjani, jekundu, limevimba.
Tukasema nyuki. Theluji imefika kiunoni, nasi tunasema nyuki!
Tukalaumu jibini. Tukalaumu sabuni ya mkwe,
ile inayonukia malimau, tukaitupa,
na malimau yenyewe tukatupa,
na paka nusura afuate.

Daktari Nousiainen hakulaumu kitu.
Alitia kipande cha barafu katika mfuko wa nailoni,
akakilaza juu ya mkono wa Hilkka, akatazama saa.
Dakika tano. Akakiondoa. Tukangoja.
Nilihesabu vigae vya dari hadi arobaini na saba,
ndipo barafu ikachomoza upya, sasa ya nyama:
pembe nne, weupe katikati, wekundu pambizoni.
“Baridi,” akasema. “Mzio wako ni baridi.”
Hilkka alicheka hadi akafuta machozi.
Hapa kwetu! Kama samaki aambiwe
kinachomdhuru ni maji.

Daktari hakucheka. Ziwani basi, alisema.
Si mabaka tu: mwili mzima ukishtuka kwa pamoja
pumzi hubana, shinikizo la damu huporomoka,
na wenzako ukingoni watadhani unafurahia.

Nikanunua daftari. Mwandiko ni wangu, ngozi ni yake.

Tarehe tatu. Upepo, akiwa na jasho. Mapaja.
Tarehe tisa. Friji ya dukani, njegere. Vidole vyote.
Tarehe kumi na moja. Hakuna.
Tarehe kumi na mbili. Aiskrimu ya mjukuu, kijiko kimoja,
midomo kama ya bata. Ameniomba nisiandike.

Kidonge kila jioni, pawashe pasiwashe,
maana kinga haingoji moshi.
Pamba ndani, sufu nje. Kucha fupi kama za mpiga piano.
Na kalamu ya sindano, mfuko wa ndani, karibu na titi,
isije ikaganda;
ya mfano nimeichoma mto wa sofa
mpaka mkono wangu ukaacha kutetemeka.

Saa tisa usiku namkuta jikoni, taa haijawashwa,
anajipigapiga mapaja kwa kiganja
kama anayembembeleza mtoto wa mtu mwingine.
Hakuni. Amekataa kukuna.
Wenzake wenye mabaka hupozwa kwa kitambaa cha baridi;
yeye kitambaa hicho ndicho mwizi.
Ninampa shuka. Ninakaa.
Hatuzungumzi juu ya ziwa.

Lakini kila Jumamosi bado anakwenda.
Sauna hawakumkatalia: anakausha jasho, anavaa,
anafunga skafu mpaka puani, ndipo anatoka gatini
kuwashikia Sirkka na Raili mataulo
na kuwahesabia sekunde kwa sauti ya mwamuzi.
Wao wanapiga kelele. Yeye anasahihisha:
“Kelele zinakula pumzi.”

Jumamosi iliyopita, walipokwisha kuingia ndani,
alipiga magoti kwenye ukingo wa mraba.
Akanitazama. Akavua glavu.
Sikusema neno; niligusa mfuko wenye kalamu,
nikatazama saa, kama daktari.

Tarehe ishirini. Ziwa. Kidole kimoja, cha shahada.
Kimevimba.
Kwa hiari.